Wauaji wa Asili Wanapokumbuka: Seli za NK na Mipaka ya Kumbukumbu ya Kinga

Mwaka 2009 Joseph Sun, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya Lewis Lanier kwenye Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, alichapisha pamoja na wenzake matokeo yaliyowashtua wanasayansi wa kinga ya mwili. Walikuwa wamewaambukiza panya kirusi cha saitomegalo, ambacho kwa kifupi huitwa CMV, kisha wakafuatilia kundi moja la seli nyeupe za damu. Seli hizo ziliongezeka mara 100 kwenye wengu na mara 1,000 kwenye ini. Maambukizi yalipotulia nyingi zilikufa, lakini baadhi zilibaki mwilini kwa miezi kadhaa. Zilipoamshwa tena ziliitikia upesi, na zilipohamishiwa kwa panya wengine waliopewa kirusi kilekile zilizaliana upya na kuwakinga.

Kuongezeka, kupungua, kubaki, kisha kuamka upya: huo ndio mwenendo unaoelezwa katika kila kitabu cha kinga kinapofafanua kwa nini mtoto aliyechanjwa surua haugui surua. Kilichoshangaza ni seli iliyouonyesha. Zilikuwa seli za NK, wauaji wa asili, ambazo kwa zaidi ya miaka 30 wanafunzi walifundishwa kuwa hazina kumbukumbu yoyote.

Tangu hapo swali limebadilika. Ni watafiti wachache leo wanaokana kwamba seli za NK huweza kubadilishwa na maambukizi yaliyozipitia. Kinachobishaniwa ni zinakumbuka nini, kwa muda gani, na kumbukumbu hiyo inamfaa nani. Katika uchambuzi huu natetea hoja moja: kumbukumbu ya seli za NK ni ya kweli, lakini ina namna yake. Kwa binadamu huonekana zaidi pale maambukizi yanapodumu au kujirudia, na hufanya kazi bega kwa bega na kingamwili. Kwa sababu hiyo haiwezi kueleweka sawasawa ikichunguzwa tu kwa watu wasioishi na maambukizi hayo. Afrika, pamoja na Afrika Mashariki yetu, ni mahali ambapo majibu yanapaswa kutafutwa.

Mgawanyo uliozoeleka

Kwa muda mrefu kinga ya mwili imeelezwa kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo: ngozi, makamasi, seli zinazomeza vijidudu, na homa yenyewe. Hii hufika mapema, hukabili vijidudu vingi kwa namna moja, na ilidhaniwa kwamba kila mara huanza upya. Upande wa pili ni kinga inayojifunza, kazi ya seli T na seli B. Kila seli ya upande huu hukata na kuunganisha upya vipande vya jeni zake hadi ipate kipokezi chake yenyewe. Hivyo mwili huwa na mamilioni ya seli zenye vipokezi tofauti, na kijidudu kinapoingia, zile chache zinazokitambua huzaliana kwa wingi, nazo huacha kizazi kinachodumu. Frank Macfarlane Burnet wa Australia aliitoa nadharia ya uteuzi huu mwaka 1957, na imesimama hadi leo.

Ushahidi kwamba kinga hiyo hudumu ulikuwapo hata kabla seli zenyewe hazijajulikana. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Ludvig Panum, alikwenda Visiwa vya Faroe kuchunguza mlipuko wa surua. Visiwa hivyo vilikuwa vimekaa miaka 65 bila ugonjwa huo, na kati ya wakazi wasiofika 8,000, wapatao 6,000 waliugua. Panum aligundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781, walipokuwa watoto, hawakuguswa. Miili yao ilikuwa imekumbuka kwa zaidi ya miongo sita.

Chanjo zote zinazotolewa kliniki kwa watoto wetu zimejengwa juu ya kumbukumbu ya namna hiyo. Ndiyo maana swali la nani anakumbuka mwilini lina uzito nje ya maabara. Ikiwa kuna seli nyingine zenye kumbukumbu, basi kuna chanjo ambazo hatujazitengeneza na vipimo ambavyo hatujavifanya.

Seli isiyosubiri kufundishwa

Seli za NK zilielezwa mwaka 1975 na makundi mawili, kila moja kivyake. Stockholm, katika Taasisi ya Karolinska, walikuwapo Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell. Marekani, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani, alikuwapo Ronald Herberman na wenzake. Wote walikuwa wakipima jinsi panya wanavyojikinga dhidi ya uvimbe, na wote walisumbuliwa na jambo moja: seli kutoka kwa panya ambao hawakuwahi kuandaliwa kwa chochote ziliua seli za saratani. Matokeo hayo yangeweza kuchukuliwa kama kasoro ya jaribio na kutupwa. Wao waliyafuata hadi wakapata aina mpya ya seli.

Historia hii inatugusa kwa karibu. Katika miaka ya 1960 Eva Klein na mumewe George Klein walichunguza uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Kampala. Sampuli walizozitumia zilisafirishwa kutoka Nairobi. Maabara iliyozipa seli za NK jina lake ilikuwa tayari imejifunza mengi kuhusu kinga na saratani kutoka kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Seli ya NK inajuaje nani wa kumuua? Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka kwa Klas Kärre, naye wa Karolinska. Karibu kila seli yenye afya mwilini hubeba juu yake protini za kundi liitwalo HLA, ambazo huonyesha vipande vya kile kinachotengenezwa ndani. Virusi vingi na saratani nyingi huzificha protini hizo ili seli T zisione kilichomo. Kärre alipendekeza kwamba seli za NK hushambulia pale alama hiyo inapokosekana, na mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha ushahidi kwamba seli za saratani ya limfu za panya zilizopoteza alama za namna hiyo hukataliwa, huku zile zilizobaki nazo zikiendelea kukua. Seli ya NK hufanya kama mlinzi wa geti asiyejua sura za wezi, lakini anayemsimamisha yeyote asiye na kitambulisho.

Baadaye ilijulikana kwamba kukosa alama peke yake hakutoshi. Seli nyekundu za damu, kwa mfano, zina HLA kidogo sana na bado seli za NK huziacha. Katika miaka ya 1990 Wayne Yokoyama nchini Marekani, na ndugu wawili Alessandro na Lorenzo Moretta nchini Italia, walisaidia kuonyesha kwamba seli ya NK ina vipokezi vya kuzuia na vya kuchochea, na uamuzi wake hutokana na mizani kati ya pande hizo mbili. Uamuzi ukiwa wa kuua, hushikamana na seli lengwa, hutoboa utando wake kwa protini iitwayo perforini, na kupenyeza vimeng'enya vinavyoilazimisha ijiue. Hutoa pia intaferoni-gama, inayoziamsha seli nyingine za kinga.

Umuhimu wake kwa binadamu ulidhihirika mwaka 1989, Christine Biron na wenzake walipoeleza habari za msichana aliyekosa seli za NK na ambaye aliandamwa na maambukizi makali ya virusi vya jamii ya hepesi, vikiwemo vya tetekuwanga na CMV. Seli ambazo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 15 tu ya limfosaiti, kundi mojawapo la seli nyeupe za damu, zilikuwa na kazi isiyoweza kuachiwa wengine.

Njia tatu za kukumbuka

Dalili ya kwanza nzito ya kumbukumbu ilitoka Boston mwaka 2006, katika maabara ya Ulrich von Andrian ya Chuo Kikuu cha Harvard. Watafiti walitumia panya wasio na seli T wala seli B, wakawapaka ngozini kemikali inayoleta mzio. Walipopakwa tena kemikali ileile, ngozi ilivimba. Walipopakwa kemikali nyingine haikuvimba. Hali hiyo ilidumu kwa angalau wiki nne, na iliweza kuhamishiwa kwa panya wengine kwa kuwapa seli za NK kutoka kwenye ini. Kwa panya wasio na kinga yoyote ya kujifunza, jambo hilo halikutegemewa kabisa.

Njia ya pili ni ile ya Sun na Lanier. Nguvu ya kazi yao iko katika uwazi wa utaratibu wake. Mwaka 2002 maabara ya Lanier na ile ya Yokoyama zilikuwa zimeonyesha kwamba baadhi ya panya wana kipokezi kiitwacho Ly49H, kinachoshika moja kwa moja protini ya CMV ya panya iitwayo m157. Kwa hiyo mwaka 2009 haikuwa lazima kukisia seli zinatambua nini. Kipokezi kilijulikana, shabaha ilijulikana, na seli zenye Ly49H ndizo zilizozaliana na kudumu. Sun aliendeleza kazi hiyo katika kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering mjini New York, ambako kundi lake limeonyesha kwamba kushika protini ya kirusi hakutoshi. Seli huhitaji pia ishara ya uvimbeuchungu, hasa intalukini-12, ndipo kumbukumbu ijengeke.

Njia ya tatu haihitaji kirusi hata kimoja. Mwaka huohuo wa 2009 Megan Cooper, Yokoyama na wenzao katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliziloweka seli za NK kwa muda mfupi katika mchanganyiko wa intalukini-12, 15 na 18, kisha wakaziingiza kwa panya. Wiki kadhaa baadaye, zilipochokozwa, zilitoa intaferoni-gama nyingi kuliko seli za kawaida. Hizi hazikukumbuka adui fulani. Zilikumbuka kwamba ziliwahi kuamshwa.

Ni kosa kuzichanganya njia hizi tatu kana kwamba ni kitu kimoja. Ya pili ina shabaha na kipokezi kinachojulikana. Ya tatu haina shabaha, bali huacha utayari. Ya kwanza ilionyesha uteuzi wa shabaha, lakini hadi leo haijaelezwa kikamilifu seli hizo zilitambuaje kemikali moja na kuiacha nyingine, kwa kuwa seli za NK haziwezi kukata na kuunganisha jeni zao kama zifanyavyo seli T na B. Mtu anayeuliza kama seli za NK zina kumbukumbu anapaswa kwanza aambiwe ni kumbukumbu ipi.

Mahali kumbukumbu inapokaa

Kama jeni za vipokezi hazibadiliki, ni nini basi kinachobadilika? Jibu liko katika namna DNA inavyofungwa ndani ya seli. Kila seli ina maagizo yote ya mwili, lakini sehemu nyingi zimekunjwa na kufungwa, na sehemu chache ziko wazi kusomwa. Maambukizi hufungua baadhi ya sehemu na kufunga nyingine, na mpangilio huo mpya huweza kurithishwa seli inapogawanyika.

Mwaka 2015 makundi mawili, moja likiwa na Yenan Bryceson wa Karolinska, yalieleza mabadiliko hayo kwa binadamu wenye CMV. Baadhi ya seli zao za NK zilikuwa zimezima protini iitwayo PLZF, inayosimamia usomaji wa jeni, pamoja na baadhi ya protini zinazobeba ishara ndani ya seli, na mpangilio wa DNA yao ulifanana na wa seli T zilizokwisha komaa kwa mapambano. Seli hizi sasa huitwa seli za NK zilizojirekebisha.

Swali la kama zinatoka kwa mzazi mmoja lilikuwa gumu, kwa sababu hazina kipokezi cha kipekee cha kuzitambulisha ukoo. Mwaka 2022 kundi la Chiara Romagnani mjini Berlin lilipata njia. Walifuata mabadiliko madogo katika DNA ya mitokondria, ambayo hupita kutoka seli moja hadi nyingine zinapogawanyika, wakaonyesha kwamba kwa watu wenye CMV koo chache za seli za NK huweza kukua sana na kudumu kwa muda mrefu, zikirithishana mpangilio wao wa DNA. Uteuzi aliouzungumzia Burnet kwa seli T na B ulionekana pia katika ukoo ambao yeye hakuufikiria.

CMV, kirusi cha karibu kila mtu

Kwa binadamu habari hii ilianza Barcelona. Mwaka 2004 Miguel López-Botet na wenzake waliona kwamba watu waliowahi kuambukizwa CMV wana seli nyingi zaidi za NK zenye kipokezi kiitwacho NKG2C. Baadaye kundi la Romagnani lilionyesha kwamba kipokezi hicho hutofautisha hata vipande vya protini ya CMV vinavyokaribiana sana, vinapoonyeshwa na mojawapo ya protini za HLA. Seli iliyodhaniwa kuona tu kukosekana kwa alama kumbe huweza kusoma sehemu ya maandishi yenyewe.

CMV ikiingia mwilini haitoki. Hujificha, na kinga huishi nayo maisha yote. Katika nchi tajiri wapo watu wengi wanaofikia utu uzima bila kuipata. Barani Afrika hali ni tofauti: watoto wengi huipata wakiwa bado wananyonya, na karibu kila mtu mzima anayo. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, Martin Goodier na Eleanor Riley wakiwa miongoni mwao, walichunguza jambo hili Gambia na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliona kwamba seli za NK za Wagambia hukomaa haraka sana utotoni, na kwamba ukomavu huo hupungua kwa wale waliozaliwa na upungufu wa jeni ya NKG2C.

Ukomavu huu una faida na gharama. Seli zilizojirekebisha huitikia kwa nguvu pale kingamwili inaponata juu ya shabaha, kwa sababu hushika mkia wa kingamwili kwa kipokezi kiitwacho CD16 na kumuua aliyenaswa. Lakini huwa nzito kuitikia ishara za saitokaini, yaani protini za mawasiliano zinazotoka kwa seli nyingine. Mwaka 2015 kundi hilohilo la London lilionyesha kwamba kwa watu wenye CMV, majibu ya seli za NK kwa chembe za chanjo ya kifaduro na ya mafua yalikuwa hafifu kuliko kwa wasio nayo. Funzo lake ni kubwa. Chanjo nyingi hupimwa kwanza Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wengi wao seli zao za NK bado hazijapitia CMV. Kuchukulia kwamba chanjo hiyo itakutana na kinga ileile Tabora au Kisumu ni dhana isiyo na msingi.

Malaria inafundisha nini

Ushahidi unaotuhusu zaidi umetoka kwenye malaria. Anayekulia eneo la malaria nyingi hujenga kinga taratibu: haondokani na vimelea, lakini huacha kuugua sana. Kingamwili zinahusika, ila kwa miaka mingi haikuwa wazi zinafanyaje kazi yote hiyo.

Mwaka 2018 watafiti walionyesha maabarani kwamba seli za NK zikisaidiwa na kingamwili huvunja seli nyekundu zilizobeba vimelea vya Plasmodium falciparum na kuziacha salama zisizo navyo. Mwaka uliofuata Geoffrey Hart, Eric Long, Peter Crompton na wenzao walichapisha uchunguzi kutoka Mali. Wakazi waliochunguzwa walikuwa na seli nyingi za NK zilizojirekebisha, na wale waliokuwa nazo kwa wingi zaidi walikuwa na vimelea vichache na waliugua kidogo. Hata miongoni mwa walioelekea kuugua, wale ambao seli hizo ziliongezeka zaidi katika msimu mmoja wa malaria walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutougua msimu uliofuata.

Kisha, mwaka 2023, yalitoka matokeo ya watoto 264 wa Uganda. Watoto waliopata malaria mara nyingi walikuwa na kundi la seli za NK lisilo la kawaida, lililopoteza alama iitwayo CD56. Kwa wagonjwa wa UKIMWI seli zisizo na CD56 zilizoeleka kuonekana kama seli zilizochoka. Kwa watoto hawa wa Uganda zilikuwa na nguvu nyingi, ziliua vizuri kuliko nyingine zilipoongozwa na kingamwili, na wingi wake ulikwenda pamoja na kinga dhidi ya malaria yenye dalili na dhidi ya vimelea vingi mwilini. Halafu maambukizi ya malaria yalipopunguzwa sana katika eneo hilo, seli hizo zilipungua haraka.

Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili. Wazee wa Faroe walikumbuka surua kwa miaka 65 bila kuiona tena. Seli za NK za watoto wa Uganda zilihitaji malaria iendelee ili zibaki. Ni kumbukumbu inayotunzwa kwa kurudiwa. Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwa mipango ya afya: tunapofanikiwa kupunguza malaria kwa vyandarua na kupulizia dawa, kama inavyopasa, tunaondoa pia kichocheo cha kinga hiyo. Malaria ikirudi baada ya miaka michache, itakuta watoto ambao sehemu hii ya kinga yao imelala. Hiyo ni sababu ya kutoacha kazi nusu njia.

Chanjo za malaria zinazotolewa sasa, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 iliyofuata mwaka 2023, hulenga kimelea kabla hakijaingia kwenye seli nyekundu za damu. Kinga ya seli za NK iliyoonekana Mali na Uganda hufanya kazi katika hatua inayofuata. Kwa hiyo kuna nafasi ya chanjo inayotafuta kuzalisha kingamwili zinazozielekeza seli za NK kwenye seli nyekundu zenye vimelea. Watafiti wa Mali walilisema hilo waziwazi, nami naona wako sahihi.

BCG na mimba

Kuna mambo mengine mawili yanayoonyesha upana wa swali hili. La kwanza ni BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa. Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, wameonyesha kwamba BCG huacha utayari katika seli za kinga ya kuzaliwa nayo, na mwaka 2014 waliripoti kwamba seli za NK za watu waliochanjwa zilitoa saitokaini nyingi zaidi hata dhidi ya vijidudu visivyohusiana na kifua kikuu. Entebbe, katika jaribio la watoto wachanga 560 lililochapishwa mwaka 2021, waliopewa BCG siku ya kuzaliwa walipata maambukizi mengine machache kuliko waliocheleweshewa hadi wiki ya sita. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba seli za NK ndizo zilizofanya kazi, lakini linaonyesha kwamba utayari usio na shabaha maalumu unaweza kumfaa mtoto halisi.

La pili ni mimba. Mfuko wa uzazi una seli nyingi za NK za aina yake, na kazi yake kuu hapo ni kusaidia mishipa ya damu itanuke ili kondo lipate damu ya kutosha. Mwaka 2018 watafiti wa Israeli walieleza kwamba baadhi ya seli hizo hubaki na alama ya mimba ya kwanza na kufanya kazi vizuri zaidi katika mimba inayofuata. Hilo linaendana na jambo ambalo wakunga wanalijua: kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge, alichunguza wanawake wa Hospitali ya Mulago, na mwaka 2015 walionyesha kwamba sehemu fulani ya jeni za vipokezi vya seli za NK, iliyopo kwa Waafrika na isiyokuwapo kwa Wazungu, huwalinda wajawazito dhidi ya hali inayotangulia kifafa hicho. Uchunguzi huo usingeweza kufanyika kwa wanawake wa Cambridge peke yao, kwa kuwa jeni yenyewe haipo kwao.

Tiba ya saratani

Katika hospitali za nchi tajiri kumbukumbu ya seli za NK imekwisha ingia wodini. Mwaka 2016 Rizwan Romee, Todd Fehniger na wenzao wa St. Louis waliripoti kuhusu wagonjwa wa saratani kali ya damu waliopewa seli za NK zilizoandaliwa kwa intalukini-12, 15 na 18. Kati ya wagonjwa 9 walioweza kutathminiwa, 5 walipata nafuu, wakiwemo 4 ambao ugonjwa wao ulitoweka kwa vipimo. Mwaka 2020 kundi la Katy Rezvani mjini Houston lilitumia seli za NK kutoka damu ya kitovu, zikiwa zimewekewa kipokezi cha kutambua saratani. Wagonjwa 8 kati ya 11 waliitikia, na 7 kati yao saratani haikuonekana tena.

Idadi hizi ni ndogo, na baadhi ya wagonjwa walipata pia tiba nyingine. Lakini seli za NK zina sifa moja inayozitofautisha na seli T katika tiba: zinaweza kutoka kwa mtu mwingine bila kumshambulia mgonjwa kwa ukali. Hivyo chupa moja ya damu ya kitovu huweza kuwatosha wagonjwa wengi. Kwa nchi ambazo haziwezi kumtengenezea kila mgonjwa dawa yake peke yake, huo ndio mwelekeo wenye matumaini zaidi.

Yanayobishaniwa

Uchambuzi wa haki hauwezi kuacha udhaifu wa ushahidi. Baada ya mwaka 2013 ilidhihirika kwamba ini la panya lina seli zinazofanana sana na NK lakini ni za ukoo mwingine, unaokaa humo na hauzunguki kwenye damu. Sehemu ya kumbukumbu iliyoelezwa mwaka 2006 huenda ni ya ukoo huo. Ripoti kwamba seli za NK za ini hukumbuka virusi vya mafua au vya UKIMWI, zilizotolewa na Silke Paust na wenzake kuanzia mwaka 2010 na kuungwa mkono na uchunguzi wa nyani uliochapishwa mwaka 2015, bado hazijapatiwa kipokezi kinachoeleza utambuzi huo kama Ly49H inavyoeleza wa CMV.

Jambo la pili ni kwamba Mali na Uganda zilionyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazikuthibitisha kwamba moja husababisha jingine. Aliye na seli nyingi zilizojirekebisha anaweza kuwa pia na kingamwili bora, na kuzitenganisha sababu hizo kunahitaji majaribio ambamo watu hufuatiliwa kabla na baada ya maambukizi yanayodhibitiwa.

La tatu ni la kiasi. Watoto wanaozaliwa bila seli T, hata wakiwa na seli za NK za kutosha, huugua vibaya na hufa mapema wasipotibiwa. Kumbukumbu ya NK huongeza juu ya kinga inayojifunza na haiwezi kushika nafasi yake. Anayetangaza kwamba kuimarisha seli za NK peke yake kutamkinga mtu na kila ugonjwa anauza kisichokuwapo.

Kazi iliyo mbele yetu

Haya yote yakiwekwa pamoja, mgawanyo wa zamani kati ya kinga isiyokumbuka na kinga inayokumbuka hauwezi kubaki kama ulivyofundishwa. Kumbukumbu ni jambo la viwango: ipo inayodumu maisha yote, ipo inayotunzwa na kirusi kisichotoka mwilini, ipo inayofifia malaria inapoondoka. Kila moja hufaa kwa kazi yake, na mpango wa chanjo unaojua moja tu utaacha mengi.

Hatua inayofuata iko ndani ya uwezo wetu. Bagamoyo, Kilifi na Entebbe zina vituo vya utafiti ambavyo vimepima chanjo kwa miaka mingi, vina watu waliofunzwa na vina imani ya jamii zinazovizunguka. Katika majaribio mengi kinachopimwa ni wingi wa kingamwili. Natoa hoja kwamba kila jaribio kubwa la chanjo katika ukanda huu lipime pia seli za NK za washiriki mwanzoni na mwishoni, na kuangalia kama kingamwili zilizozalishwa zinaweza kuziongoza. Hilo linadai seli zihifadhiwe hai kwenye naitrojeni ya majimaji, mashine za kuzihesabu, na wataalamu wa kuzisoma, kwa hiyo linadai fedha. Lakini gharama ya kuanza jaribio jipya kwa sababu lile la kwanza lilisahau kuuliza swali ni kubwa zaidi.

Katika miaka ya 1960 uvimbe wa watoto wetu uliondoka Nairobi kwenda kuchunguzwa Stockholm, na maswali yaliulizwa huko. Kazi ya Nakimuli Mulago imeonyesha kwamba maswali yanaweza kuulizwa hapa, na kwamba mengine hayana pengine pa kuulizwa. Serikali na wafadhili wanaopanga bajeti za utafiti wa chanjo wanapaswa kuanza na hilo.